Msimamizi wa Harusi ya Rukuba

Jumatatu, 11 Agosti 1986. Bunda

Mimi nina bahati mpaka nashangaa kwa nini watu hawaji kunigusa waipate na wao. Leo nimefungua robota la mitumba, la tatu mwezi huu, na juu kabisa imekaa suti nyeusi ya kipimo changu. Siyo ya kukaribia. Kipimo changu, mpaka urefu wa mikono. Kuna Mzungu huko alikufa na mabega yangu. Watu wa soko wanaziitaga nguo hizi kafa ulaya, wananicheka eti nauza za marehemu, halafu Jumapili nawakuta kanisani wamezivaa zote.

Niorodheshe kidogo, maana hakuna wa kunizuia. Suti ninayo. Meza yangu sokoni ninayo, bila kujificha, siku hizi ruksa. Nimefika Mombasa, Kampala na Lubumbashi nikiwa utingo wa malori, na shule niliishia darasa la sita. Mke ninaye, Sabina, mzuri wa kugeuza shingo, yuko kwenye biashara Migori, Kenya, Ijumaa anakuja. Na harusi ya rafiki zangu wawili, msimamizi ni mimi. Bunda yote nitajie mwingine mwenye bahati hiyo. Hayupo.

Chini ya suti kulikuwa na gauni la kijani, kitambaa kizito, kola ya lesi. Nimeliweka pembeni. La Sabina.

Jioni ugali na samaki furu. Wenye miiba, na wengi kupita njaa yangu. Nimebakiza nusu sufuria.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi wateja watano, wote wa kushika shika tu. Nimepiga suti pasi mara mbili. Makaa yaliruka, karibu niichome.

Niandike vizuri habari za hii harusi, maana nikizeeka watasema nimetunga.

Mafuru na Nyangeta ni rafiki zangu tangu tulipokuwa tunabeba pamba kiwandani, sisi watatu. Mimi ndiye niliyewakutanisha. Nilimtuma Mafuru ampelekee Nyangeta kikombe cha maji, akakaa huko mpaka msimamizi wa zamu akatangaza jina lake. Baadaye mashine zikawa zinasimama kwa kukosa spea, tukatawanyika. Mafuru akaenda kuvua dagaa kisiwani Rukuba. Nyangeta akarudi kwao Butiama. Mimi nikabaki Bunda na maneno yangu.

Sasa wanaoana, na wanaoana kisiwani. Si kwa baba wa binti, si kwa baba wa kijana. Kisiwani, kambi ya wavuvi, ambako hata mbuzi anafika kwa boti. Nyangeta ndiye aliyesema. Nitaishi huko, niolewe huko, anayetaka kuniona aje. Na tarehe imepangwa na mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa za karabai kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo harusi ni Jumamosi hii, mwezi ukikaribia kujaa, kambi nzima haina kazi.

Mchungaji amekubali kuvuka. Ana sharti moja. Msimamizi awe na ndoa, na mkewe awe pembeni yake siku hiyo. Yeye anasimama na bwana harusi, mkewe na bibi harusi. Eti wanaooana waione ndoa iliyosimama, wajue wanaiga nini. Mwanaume peke yake hapokelewi, hata angekuja na suti ya mfalme.

Sawa. Mimi ninaye. Nimemwandikia Sabina barua tatu. Ya tatu nilimpa dereva wa basi la mpakani Sirari mkononi, anamfahamu anapokaa. Ijumaa ashuke Makutano, nitakuwa nimesimama pale.

Hajajibu. Posta za kule mbovu.

Alhamisi, 14 Agosti. Butiama

Nimelala kwa kina Nyangeta. Nimeleta gauni jeupe la bibi harusi, nalo la kwenye robota, la mwezi wa sita. Nilililoweka mara tatu mpaka likasahau mwenyewe wa kwanza. Nyangeta alilivaa chumbani akatoka. Mama yake akakaa chini palepale. Nikajisikia mimi ndiye niliyemzaa.

Baba yake, Mzee Wambura, bado hajaimeza hii habari. Ng'ombe wa mahari alishapokea, wako zizini, wamenenepa. Lakini anasema ng'ombe walikuja kwa miguu na binti anaondoka kwa kuelea. Haendi. Nikamwambia Mzee, boti ni salama, mimi nimepanda meli Mombasa.

Akasema, "Mimi na maji tunakutana kwenye ndoo."

Halafu akanigeukia. "Na wewe Bwire, huyo mkeo wa Migori ana miguu? Mwaka wa pili huu tunamsikia tu kama redio."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Nikasema Mzee, kesho utasikia redio imekuja na spika zake.

Nyangeta hakucheka. Alikuwa anakunja gauni.

Sijapenda.

Ijumaa, 15 Agosti. Rukuba

Siku ndefu. Mkono umekufa ganzi, nitaandika hovyo.

Tumeondoka Butiama na pikapu ya kukodi. Nyangeta mbele, sisi nyuma. Mimi, Shangazi yake, mama wanne, mbuzi wawili. Tukafika Makutano mapema. Nikawaambia tumsubiri Sabina.

Basi la kwanza: wanajeshi, magunia, hakuna.

Basi la pili: lilipita bila kusimama. Nilikimbia nalo kidogo nikichungulia madirisha. Suti tayari nimevaa. Mama mmoja kwenye pikapu alisema "huyo kaibiwa."

Basi la tatu akashuka mwanamke mwenye kitambaa cha kichwa chekundu, mgongo wa Sabina kabisa. Nilishatoa mkono kupokea mzigo. Akanitazama kama mwizi.

Dereva alikuwa yule wa barua. Nikapanda mpaka kwenye usukani. Nikamuuliza ulimpa? Akasema alimpa mkononi, akaisoma palepale amesimama, akaikunja.

"Kasema nini?"

"Kasema asante."

"Asante halafu?"

"Asante, bwana. Mimi nina abiria."

Asante ya mtu mwenye safari ni hiyohiyo. Atakuja na basi la jioni, atalala Musoma, avuke asubuhi na boti ya mchungaji. Nimewaeleza hivyo. Pikapu ilikuwa inapiga honi. Nyangeta alikuwa ananitazama kwenye kioo cha pembeni. Nikapanda nyuma na mbuzi.

Musoma tukaingia kwenye boti. Hao mama wa Butiama ni wakulima, wanajua mihogo na mtama, ziwa wamelionea kilimani tu. Shangazi aliingia kwa magoti. Akashika tai yangu, hakuiachia mpaka kisiwani. Wimbi likipiga anavuta. Kila akivuta nasema "Shangazi, hiyo siyo breki," boti nzima inakufa kwa kicheko. Nimechekesha njia nzima. Nimeigiza nahodha wa Mombasa, nimeigiza polisi wa Kampala. Mbuzi mmoja alitapika, nikasema huyo ni upande wa bwana harusi.

Kisha kisiwa kikatokea. Mawe makubwa, vibanda vya nyasi, dagaa wametandazwa juani kama zulia la fedha. Wamefagia sehemu moja ya watu kuchezea. Harufu inakukamata ukiwa bado majini.

Mafuru aliingia ziwani mpaka kiunoni kutupokea. Alimbeba Shangazi, akarudi kunikumbatia, nikalowa mimi na suti. Akaangalia ndani ya boti nyuma yangu.

"Shemeji yuko wapi?"

Nikamwambia dada yake Sabina anaumwa, ndiyo maana amechelewa, kesho anakuja na mchungaji.

Akasema, "Haya, Mombasa." Ndiyo jina analoniitaga.

Haya yake ilikuja upesi mno. Sijui. Mtu anayetegemea kitu anauliza mara mbili.

Jumamosi, 16 Agosti. Rukuba

Boti ya mchungaji imefika saa tatu. Nilikuwa wa kwanza ufukweni. Ameshuka mchungaji, ameshuka mke wake, limeshuka sanduku la vitabu, yameshuka makreti mawili ya soda. Nimesubiri mpaka wakazima injini. Nimechungulia mpaka chini ya turubai. Mwenye boti akauliza umepoteza nini, nikasema kofia.

Mchungaji akaita wasimamizi awaelekeze. Kanisa ni miti na nyasi, mabenchi ni mbao za mtumbwi uliokufa. Nikasimama pale na suti yangu. Akauliza mama yuko wapi. Nikaanza habari ya dada anayeumwa, nikamwongezea na homa, nikamwongezea na mvua, na kule hakuna mvua, huu ni Agosti. Mchungaji ni mtu mpole. Alisikiliza yote. Mwisho akasema tu, "Sasa mwanangu, tutafanyaje?"

Mafuru akasema yupo Maingu na mkewe.

Maingu ni mwenzake wa mtumbwi mmoja. Ni mtu mwema, hana maneno. Alitoka nyuma ya kibanda na shati jeupe limepigwa pasi. Mkewe, Mama Kujerwa, ndiye anayeanika dagaa wa kambi. Alitoka naye ameoga, amejipaka mafuta, nywele zimesukwa mistari midogo midogo mpaka kisogoni.

Mimi nimekaa na wanawake wa soko miaka yote hii. Nywele zile ni za siku nzima na zaidi. Hazikusukwa asubuhi ile. Zilisukwa Alhamisi, labda Jumatano, nikiwa bado Bunda na suti yangu.

Kwa hiyo walijipanga. Walijua.

Nikasema kwa sauti kubwa, "Vizuri sana! Maingu, ukikosea viapo nitakuja kukusahihisha." Watu wakacheka. Ukitaka watu wasikuangalie, wachekeshe.

Tatizo likawa nguo. Mama Kujerwa alikuwa na kitenge kimoja, na hicho kimeoga dagaa miaka mingi. Akasema kwa aibu eti atasimama nyuma nyuma. Nikaenda kwenye begi langu nikatoa lile gauni la kijani. Nikasema vaa hili. Nyangeta akatoa kichwa kwenye kibanda, akasema, "Shemeji, hapana, hilo la watu." Nikamwambia mali ya kwangu, naivisha ninayetaka.

Halikumtosha. Yeye ni mwanamke wa kubeba makapu, mabega mapana. Nikafumua mshono wa pembeni kwa wembe, pande zote mbili, nikaunga kwa sindano ya mkono amelivaa mwilini. Nilipiga magoti pale kwenye mchanga nikishona, yeye amezuia pumzi. Nikamwambia Mama Kujerwa pumua, ukifa mwenye harusi ataniua. Akacheka, uzi ukakatika, nikaanza upya. Lilimkaa. Kusema kweli lilimkaa vizuri kuliko ambavyo lingemkaa Sabina, Sabina ni mwembamba.

Nilikaa benchi la nne. Mbele yangu Shangazi, kulia nguzo. Mafuru aliapa kwa sauti ya kuita watu ziwani. Nyangeta aliapa taratibu. Nilifurahi. Siandiki uongo kwenye hili, nilifurahi mpaka machozi. Hawa watu wawili niliwapata mimi.

Halafu kwenye chakula wasimamizi wakakaa meza kuu na mimi nikakosa pa kukaa, upande wa wavuvi wamekaa kwa vikosi vyao, upande wa Butiama mama kwa mama. Nilizunguka na sahani. Samaki sato wakubwa, ugali wa muhogo, mbuzi. Kila nilipofika waliniomba niwachekeshe kidogo. Nikawachekesha, nikasogea. Nilimaliza sahani nimesimama karibu na boti.

Walicheza mpaka jua likazama wakaendelea. Mimi nimeingia ndani mapema. Nimesema mgongo unauma.

Jumapili, 17 Agosti. Rukuba, asubuhi

Nyangeta amenifuata ufukweni kabla boti haijapakiwa. Amevaa khanga mpya, bibi harusi, miguu mitupu. Akakaa kwenye jiwe. Mimi nilikuwa nakamua suruali niliyoifua.

Akasema, "Shemeji Bwire, unajua mimi na wewe hatujawahi kufichana."

Nikasema kweli, hata ile siku uliyoiba ndizi kiwandani.

Hakucheka. Akasema Mafuru alimwona Sabina Sirari tangu mwezi wa nne. Yuko na mtu. Wana mtoto mgongoni. Walisalimiana, Sabina akaulizia habari zangu, akasema yeye hajambo, basi.

Nikamwambia, "Huyo siyo Sabina. Sabina ana sura ya watu wengi."

"Shemeji."

"Hata Mombasa nilimkuta mmoja."

Akasema, "Hatukukuteua ili tukuaibishe. Mafuru alisema tumpe usimamizi, akishika hiyo kazi itabidi aseme mwenyewe. Atakuja aseme, jamani, mimi sina mke, nitakaa benchi. Tungesema sawa, tungekukalisha meza kuu hivyohivyo, nani angeuliza? Tumekusubiri mwezi mzima. Ukaja na gauni."

Nilisikia masikio yanawaka. Siyo hasira kwake. Yeye alikuwa anaongea polepole kama mtu anayetoa mwiba. Alikuwa ananipa nafasi, ipo pale, ni kusema neno moja tu. Ziwa limetulia, hakuna mtu karibu.

Nikasema Sabina akija mwezi ujao nitamleta mle sato pamoja, mtacheka hadithi hii.

Nyangeta akanitazama sana. Akasema, "Karibuni." Akainuka, akajipangusa mchanga, akaenda kwa mume wake.

Nimemkosea. Siku ya kwanza ya ndoa yake ameamka kuja kunitafuta mimi, nikampa mzaha.

Mafuru alisukuma boti. Alinishika bega, akashikilia hapo. Mimi nikasema usilowe tena, mwenye ndoa sasa. Mama Kujerwa alikuja akikimbia na gauni limekunjwa vizuri, anirudishie. Nikamwambia ni lake. Alilia. Nikasema jamani dagaa wataota ukungu kwa machozi haya.

Njia nzima Shangazi hakuogopa tena. Aliimba. Mimi sikuigiza mtu, na hakuna aliyeniomba.

Jumatatu, 18 Agosti. Musoma

Nimekosa basi la Bunda jana, sikulikimbilia. Nimelala kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni.

Leo stendi nimekaa na mzee mmoja fundi viatu, anakwenda Bunda naye. Aliona suti, akauliza natoka wapi. Nikamwambia harusini, Rukuba, nilikuwa msimamizi. Nikamwambia mke wangu alisimama na bibi harusi, alivaa gauni la kijani, watu walimwangalia yeye wakasahau bibi harusi. Nimemwambia alivyotapika kwenye boti. Nimemwambia alivyonishika tai.

Mzee akauliza sasa yuko wapi mama.

Nikasema ametangulia.

Alinipongeza. Akasema siku hizi ndoa ngumu, mshukuru Mungu. Nikashukuru. Kwenye basi nilijifanya nimelala, maana alikuwa mtu mzuri na angeuliza mengine.

Jumanne, 19 Agosti. Bunda

Nimefungua meza saa mbili. Upepo mwingi. Nimeuza masweta mawili ya watoto na koti la mvua. Mama wa nyanya aliuliza harusi ilikuwaje, nikasema nzuri. Akasubiri niendelee. Nikapanga masweta. Akanipa nyanya tatu.

Nimefunga mapema. Nimepika kidogo, kipimo cha mtu mmoja, mara ya kwanza sijakosea.

Sabina hakwenda biashara. Aliniacha. Februari mwaka jana, mchana, jua kali. Nilikaa mlangoni nikamwangalia anafunga mzigo, nikamfanyia mzaha kwamba anafunga kama mtu anayehamia Ulaya. Kamba ilikuwa fupi. Nikampa nyingine, nikamsaidia kukaza fundo. Alisema harudi. Alisema mara mbili, nilisikia zote. Kwenye barua hakuwahi kuahidi kitu, maana zangu hakuwahi kujibu hata moja.

Niliandika juma lililopita kwamba mimi nina bahati. Si kweli. Nilikuwa najisifu tu.